Joto la Mgongo

1

Chupa ya tatu haikusomeka.

Nilikuwa nimebandika ukurasa wa kalenda ukutani mwa maabara, mkabala na dirisha, na kila chupa niliishika mbele yake nikajaribu kusoma tarehe kupitia dawa. Mbili za kwanza, zilizotengenezwa juzi, zilikuwa angavu, zenye ubuluu hafifu kama moshi wa kuni unavyoonekana kwa mbali. Tarehe zote nilizisoma. Ya tatu ilikuwa imerudishwa kutoka kijiji cha Luhanji ikiwa na robo tu ndani, baada ya mwalimu Fungo kufariki. Niliishika mahali palepale. Niliona weupe, kama maji yaliyosuuzia kikombe cha maziwa.

Niliweka matone yake kwenye mashine ya kupimia myeyuko, nikapandisha joto nusu nyuzi kwa nusu nyuzi. Vipovu vyetu hulegea kwenye nyuzi thelathini na sita na nusu. Hapo ndipo huanza kuvujisha dawa. Mstari kwenye skrini ulibaki umelala. Thelathini na saba, umelala. Thelathini na nane. Thelathini na tisa. Nilisimama, nikaketi tena. Ilipofika arobaini mstari ukaruka juu kwa mpigo mmoja, na dawa yote ikatoka.

Hapo nikaelewa jinsi mwalimu Fungo alivyokufa. Alikuwa na mafua tu. Homa ikampanda hadi arobaini, na nesi alipotoka kuleta chai na kurudi, moyo ulikuwa umesimama. Wiki moja kabla yake alikufa mwanamke mmoja wa kijiji hichohicho, naye kwa homa. Wote wawili walikuwa wamelalamika kwamba sindano ya mwezi huo haikufanya kazi, kwamba miguu yao bado ilikuwa imelala.

Kila mtu wa milima hii anaijua ganzi. Huanzia kwenye vidole vya miguu, ikapanda magotini, kiunoni, na mwaka wa tatu hufika kwenye misuli ya pumzi. Dawa inayoirudisha nyuma ni kali. Ikiingia mwilini kidogo kidogo kwa siku sitini, mishipa ya fahamu inaamka. Ikiingia yote kwa pamoja, inaua. Kwa hiyo tunaifungia ndani ya vipovu vya mafuta, vidogo kiasi kwamba elfu mbili vikipangwa mstari havifikii unene wa unywele mmoja, na utando wa kila kipovu unakaa mpakani kabisa mwa kuganda na kuyeyuka. Joto la mwili linaulegeza kiasi tu. Dawa inavuja, mtu anasimama, anakwenda shambani kwake. Nilikuja Kituo cha Lwangu nikiwa na miaka ishirini na minne kwa sababu niliwahi kumwona mtu akisimama hivyo, na sikutaka kazi nyingine yoyote duniani.

Nilifungua mwongozo wa wabebaji wanaozipeleka chupa vijijini, ukurasa wa saba. *Chupa zikipoa, zipashwe taratibu hadi joto la mwili kabla ya kutumika.*

Sentensi hiyo niliiandika mimi. Niliiandika baada ya kupima utando uliotandazwa bapa juu ya kioo, kwa kuwa ulio bapa ni rahisi kuutazama. Niliugandisha na kuuyeyusha mara mia moja, na mara zote ulirudi kama ulivyokuwa. Nilifurahi sana siku ile. Niliwanunulia wenzangu soda.

2

"Kaa, Tusekile," alisema Dokta Chaula, mkuu wa mradi. "Una uso wa mtu aliyefiwa."

"Watu wawili wamefariki, Dokta. Na nimejua sababu."

Alinisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza alivuta karatasi kutoka kwenye droo akaisukuma upande wangu. Ilikuwa taarifa ya kwenda wizarani, na tayari ilikuwa na mhuri. *Uzembe wa mbebaji. Mbebaji alitua mzigo kinyume cha kanuni.*

"Alitua," nilisema. "Kweli kanuni inasema asitue. Lakini ukurasa wa saba unamwambia cha kufanya akiwa ametua, na alifanya. Alifanya kila neno."

Aliinuka, akafunga mlango, akarudi kukaa. Hakuwa mtu mbaya. Yeye ndiye aliyelala kwenye korido za wizara miaka minne akiomba mradi huu uanze, na mama yake mzazi alikufa kwa ganzi.

"Sikiliza, binti. Nikiandika mbebaji alizembea, tunambadilisha mbebaji mmoja. Nikiandika mwongozo una kosa, ni vituo vyote sita. Watafunga siku hiyohiyo, na kufungua kutachukua mwaka. Tuna wagonjwa mia tisa na kumi na nne. Unajua wangapi wataumaliza mwaka huo wakiwa wanapumua?"

"Najua."

"Hapana, hujui. Una moyo mzuri, lakini hujui."

"Dawa ya mzigo ule walichomwa watu thelathini na moja, Dokta. Wamebaki ishirini na tisa. Kila mmoja ana dozi nzima mwilini, imefungwa, inasubiri homa. Na huu ni msimu wa mafua. Hawajui."

"Tutawafuatilia kimyakimya."

"Mtu atajikinga vipi na kitu asichokijua?"

"Na ukimwambia, atajikinga na nini? Dawa ya kuzuia isifyatuke ipo?"

Haikuwapo.

"Tunabadilisha ukurasa wa saba leo hii, bila kelele," alisema kwa upole. "Makosa yanaisha. Watu wanaendelea kupata dawa."

"Na mbebaji mwenyewe, Mama Orida?"

"Mama Orida ni mtu mzima. Atavumilia."

"Mume wake ni mmoja wa hao ishirini na tisa."

Hilo alikuwa halijui. Alivua miwani, akaishika tu.

"Nipe mpaka Ijumaa," alisema mwishowe. "Usiongee na mtu yeyote mpaka Ijumaa."

Ilikuwa Jumanne. Asubuhi yake nilivaa viatu vya kupandia nikaelekea Luhanji.

3

Barabara ya Luhanji iliporomoka miaka mingi iliyopita na haikurudishwa. Mwanzoni mradi ulijaribu droni. Betri zilikufa kwa baridi, droni tatu zikaanguka kwenye ukungu, na hata zilizofika zilifikisha chupa zilizopoa. Ndipo mwanamke mmoja wa Luhanji, aliyekuja kituoni kuuza viazi, akauliza dawa inataka joto la kiasi gani. Wakamwambia ni la mwili. Akafungua mbeleko yake, akasema, "Basi nipeni." Huyo ndiye Mama Orida. Sasa wabebaji walikuwa arobaini, wote wanawake, wakipita migongo ya milima na chupa zikiwa kwenye ngozi ya migongo yao, chini ya blauzi, chini ya sweta, chini ya blanketi.

Nilimkuta jikoni akimenya viazi. Mumewe alikuwa karibu na mlango, kwenye kiti chenye magurudumu ya mbao alichojitengenezea mwenyewe, miguu imefungwa blanketi, akiranda mpini wa jembe.

"Kamwene!" alinisalimu kabla sijavua kofia. "Karibu, Dokta mdogo. Umekuja kumtazama mke wangu au mgongo wake?"

"Shikamoo, baba. Wote."

"Marahaba. Miaka thelathini na nane nimeoa. Huo mgongo unapewa chupa, mimi napewa kisogo."

"Nyamaza, mtu mzima hovyo," Mama Orida alisema bila kugeuka. Kisha akageuka, na sikuona utani usoni mwake. "Walinipigia simu jana. Wamesema nirudishe mbeleko ya kazi. Sijawaambia wenzangu bado. Nimekosa nini, mwanangu?"

"Nieleze kwanza siku ile, mama."

Alifuta mikono. Alieleza kama mtu aliyekwisha kujieleza mwenyewe mara nyingi. Mbebaji mwenzake alifiwa na mama yake, kijiji cha njiani. Nyumba ya mfiwa hawaingii wakiwa wamebeba mgongoni. Hiyo ilikuwa desturi yao wabebaji, walijiwekea wenyewe tangu mwaka wa kwanza, kwa kuwa anayelia akiinua macho anaweza kudhani ameletewa mtoto mchanga, na si vizuri kumfanyia hivyo. Wanatua mlangoni, wanaingia kulia na mwenzao, wakitoka wanabeba.

"Mlitua kwa muda gani?"

"Asubuhi mpaka walipozika. Barafu ilikuwa kwenye nyasi. Nilipobeba zilikuwa baridi kama mawe ya mtoni, na nyeupe. Nikafungua mwongozo wenu. Nikazipasha taratibu. Sikuziweka jikoni, mwanangu, nisije nikaziunguza. Nilijilaza nazo mgongoni siku nzima, sikugeuka. Weupe ukapungua. Nikajua zimepona."

Nilivuta kigoda karibu na jiko lake la mkaa. Lilikuwa dogo, la mtu mmoja na sufuria moja.

"Mama, kanisani mnakaa kwenye benchi. Baridi ikizidi mnafanyaje?"

"Tunabanana."

"Bega kwa bega, mgongo sawa na mgongo. Kumng'oa mmoja hapo ni kazi. Mafuta nayo yakiganda yanabanana hivyo. Sasa watu sita wakilizunguka jiko hili dogo, magoti yanagusana, lakini migongo?"

"Inaachana. Baridi inapita katikati."

"Hawawezi kubanana hata wakitaka, kwa sababu wamepinda. Vipovu vyetu ni hilo duara. Mafuta yaleyale yakiwa bapa yanayeyuka kwenye nyuzi arobaini na moja, joto la homa kali. Yakipinda kuwa kipovu kidogo, mshiko unalegea, yanayeyuka kwa joto la mwili tu. Dawa yetu yote imesimama juu ya mpindo huo."

"Na yakipoa?"

"Yanaganda yakiwa yamepinda, na hapo hayana raha. Utando unatafuta kunyooka. Kipovu kinakutana na mwenzake, vinaungana. Viwili vinakuwa kimoja, kinakuwa kikubwa, kama watu wa harusi waliozunguka moto mkubwa. Migongo inasogeleana. Sasa hakilegei mpaka nyuzi arobaini."

"Lakini nilizipasha."

"Ukizipasha, mafuta yanayeyuka. Ila vipovu havigawanyiki tena kuwa vidogo. Ule weupe ulikuwa ndio huo."

"Mliandika tupashe," alisema taratibu.

"Niliandika mimi. Nilipima utando ulionyooka, sikufikiria mpindo. Wewe hukukosa lolote, mama. Kosa ni langu."

Randa ilikuwa imenyamaza. Sikujua ilinyamaza lini.

"Kwa hiyo ninayo humu ndani," alisema Baba Orida.

"Ndiyo, baba."

"Yote?"

"Karibu yote. Ndiyo maana vidole havijaamka."

"Na nikipata homa?"

Niliinama nikafunga upya kamba ya kiatu.

"Umeshajibu," alisema, akapuliza maranda kutoka kwenye mpini.

Mama Orida alikaa chini, sakafuni kabisa, kisu cha viazi bado mkononi. "Nilimwomba nesi aanze na huyu," alisema. "Watu wote walikuwa kwenye foleni. Nikasema, mwanzie mume wangu, hii nimeibeba mwenyewe."

Viazi vilichemka, vikamwagikia mkaa, na hakuna aliyeinuka. Nilikuwa nimepanda mlima ule nikiamini kwamba ukweli ukisemwa kwa upendo huwa unaacha kitu kizuri nyuma yake. Nilitazama jiko likifuka moshi, na sikukiona.

Ni yeye aliyeuliza hatimaye, akiwa bado sakafuni.

"Homa ya mwili mzima inafungua vyote. Homa ya kidole je?"

"Kidole gani?"

"Kimoja. Ukikitia kwenye maji ya moto. Damu si inapita humo kidogo kidogo?"

Nilimtazama. Nilikuwa nimesoma miaka sita na sikuwahi kulifikiria jambo hilo.

"Homa ya kidole!" Baba Orida akaanza kucheka. "Mwanamke huyu atanipika kama soseji."

Tulijaza bakuli maji ya nyuzi arobaini na moja na nusu, kipimajoto changu ndani, mimi nikihesabu dakika na Mama Orida ameshika mkono wa mumewe kwenye kifundo, vidole vyake kwenye mapigo ya moyo. Kidole kidogo cha kushoto. Dakika tatu. Mapigo yalienda mbio, yakatulia. Baadaye tukarudia, kisha tena. Kesho yake tulipokuwa tunakunywa uji Baba Orida alisimamisha kijiko hewani.

"Nani amenigusa mguu?"

Alikuwa paka.

4

Kwa hesabu yangu, kumwaga dozi nzima kwa njia ya kidole kungechukua siku ishirini na tano. Watu ishirini na nane wengine wangeweza kuanza siku hiyohiyo, kama wangejua. Kusubiri Ijumaa kulimaanisha siku nzima nyingine ya mafua.

Nilikaa kwenye ngazi ya zahanati ya Luhanji nikaandika ujumbe kwenda zahanati zote na wabebaji wote. Niliandika kosa lenyewe. Niliandika kwamba mbebaji hana hatia. Niliandika kipimo cha kusoma maandishi kupitia chupa, na maji ya kidole, nyuzi na dakika. Niliweka jina langu kamili, Tusekile Mwaipaja, na cheo. Kabla ya kutuma niliwafikiria wale mia tisa na kumi na nne, na nilijaribu kuziona nyuso zao, maana Dokta Chaula alisema sijui. Niliweza kuziona kama kumi. Nikatuma.

Alinipigia Ijumaa mchana.

"Wamefunga," alisema. "Kuanzia Jumatatu ijayo hakuna chupa itakayotengenezwa."

"Zilizokwisha kutengenezwa?"

"Mzunguko mmoja wa mwisho. Baada ya hapo, hakuna."

"Dokta, maji ya kidole yanafanya kazi. Waambie. Watu sita wameshaanza kusikia miguu."

"Nimewaambia. Wamesema hiyo ni bahati, si tiba." Nikasikia akifunga droo. "Ningependa kukulaumu, Tusekile. Nimejaribu tangu asubuhi. Rudi ukimaliza huko, kuna mtu wa kufunga maabara."

5

Siku ya kumi ya maji ya kidole, Baba Orida alikuwa anavisikia vidole vyote vya mguu wa kulia. Alivihesabu kwa sauti mbele ya kila aliyepita. Jirani mmoja mwenye kikohozi alikuja kuviona, na hatukumzuia mlangoni upesi.

Siku ya kumi na moja, jua halijachomoza vizuri, Mama Orida aliniita. Paji la uso wa mumewe lilikuwa kavu na moto. Kipimajoto kilisema thelathini na nane na nusu.

Tulimpa vidonge vya homa. Tulilowesha vitambaa. Maji ya ndoo yalikuwa na barafu juu, tukaivunja, lakini kila kitambaa kilichogusa kifua chake kilikuwa vuguvugu kabla sijalowesha kingine. Thelathini na tisa.

Mama Orida alisimama katikati ya chumba, akatazama mlango. Kisha akatoka. Nilipomfuata alikuwa amevua sweta na blauzi, amelala chali kwenye nyasi nyuma ya nyumba, nyasi nyeupe kwa barafu, meno yakigongana, macho yakitazama juu. Alikaa hapo mpaka midomo ikabadilika rangi. Akainuka, akaingia ndani mbio, akapanda kitandani na kumbandika mumewe mgongo.

"Ai!" Baba Orida alishtuka. "Leo ndio nimepewa."

"Nyamaza."

"Ni wa baridi."

"Najua. Nyamaza, baba."

Kila mgongo ulipopata joto alitoka tena. Nilihesabu mara saba. Nilijaribu kulala mimi kwenye nyasi badala yake, na akanivuta kwa mkono, kwa nguvu. Homa ilisimama thelathini na tisa na nusu, ikasimama karibu saa nzima, nikaanza kuamini. Mama Orida alitoka mara ya nane. Aliporudi alikuwa anatembea polepole. Mgongo wake ulikuwa umelowa.

"Jua limetoka," alisema. "Barafu imeisha."

Baba Orida alinitazama mimi. Macho yalikuwa yaking'aa. "Dokta mdogo. Mguu wa kulia ni wangu. Andika hivyo. Wa kushoto utaandika ni wa mradi."

"Ndiyo, baba."

"Usilie, una kazi. Wale wengine unawawekea maji?"

"Wanaweka wenyewe."

"Ee," alisema. "Vizuri."

Thelathini na tisa nukta nane. Kisha arobaini. Mama Orida alikuwa nyuma yake, amemkumbatia, mgongo wake haukuwa na baridi tena ya kumpa. Nilikuwa nimeshika kifundo cha mkono wa Baba Orida, na niliusikia moyo ukikimbia, ukijikwaa, ukikimbia. Kisha haukujikwaa tena.

6

Mzigo wa mwisho wa Luhanji ulikuwa bado kituoni, chupa nne za wagonjwa wanne wa kitongoji cha juu, na aliyepaswa kuubeba alikuwa mjane wa siku moja. Nilishuka, nikaubeba mimi. Niliondoka Lwangu alfajiri ili niwahi mazishi. Upepo wa mgongo wa mlima ulikuwa mkali. Nilipita nikifikiria maneno ya kumwambia Mama Orida, na kila niliyoyapata niliyaacha njiani.

Wabebaji walikuwa wamefika kabla yangu, kutoka pande zote za milima, wanane, na mizigo yao ya mwisho migongoni. Walisimama uani na kuanza kufungua mafundo ya mbeleko, kama desturi yao, watue mlangoni.

Mama Orida alitoka. Alikuwa amejifunga kaniki.

"Msitue," alisema.

Walisita. Mkubwa wao, yule aliyefiwa na mama yake siku Mama Orida alipotua mzigo, akasema, "Mama Orida, kwa mfiwa hatuingii na mgongo."

"Mfiwa ni mimi. Nasema msitue. Ingieni nayo."

Alisimama mlangoni, na kila aliyepita alimtia mkono chini ya blanketi, mgongo wa kiganja chake ukigusa mzigo, akasubiri kidogo kama anayempima mtoto homa. "Ina joto. Pita." Anayefuata. "Ina joto. Pita, mama." Waliingia wakiwa wameinama chini ya mizigo yao, na ndani kilio kikapokelewa.

Nilikuwa wa mwisho. Mkono wake uliingia chini ya blanketi langu, ukakaa. Ukasogea, ukatafuta, ukakaa tena.

"Umeivaa juu ya sweta," alisema.

"Kulikuwa na baridi, mama. Nilifikiri..." Sikuwa nimefikiri. Nilikuwa nimeandika kurasa arobaini juu ya joto la chupa hizo na sikuwahi kuzibeba hata siku moja.

Alifungua fundo mwenyewe, akatoa chupa moja, akanipa. Kando ya mlango msalaba wa Baba Orida ulikuwa umeegemezwa ukutani, mbao mpya ya msindano, jina limeandikwa kwa rangi nyeusi. Nilinyoosha chupa mbele yake. Nilijua, na bado nilitazama kwa muda mrefu, nikiigeuza upande huu na huu kutafuta mwanga. Jina halikusomeka.

"Ni za akina nani?"

Nilimtajia majina manne. Wawili aliwajua tangu utoto wao.

"Hakuna nyingine?"

"Hakuna, mama. Zilikuwa za mwisho."

Alitingisha kichwa, si kwa hasira. "Kesho utapanda ukawaambie mwenyewe. Nitakuonyesha njia. Sasa mwaga."

Nilipiga magoti uani nikafungua vifuniko, kimoja kimoja. Weupe ulitandaa kwenye udongo, ukakaa juu kidogo, ukanywewa. Mama Orida alisimama karibu yangu mpaka chupa ya nne ikaisha. Kisha akaokota mbeleko tupu, akaikung'uta, akanipisha mlangoni niingie.